Korongo linalokula mashamba kando ya machimbo: wa kulaumiwa ni mwenye duara au mwenye shoka?

#1 Mwanaluseni
Habari za wakati huu wakuu.

Nipo upande wa Nyarugusu, mkoa wa Geita. Kuna ubishi umetugawa hapa kijijini, nimeona niulete kwa wenye uelewa.

Shamba la mama lipo chini ya kilima. Kule juu zamani kulikuwa na pori la miombo, sasa kuna maduara (mashimo ya kuchimbia dhahabu), makarasha (mashine za kusaga mawe) na vibanda vya maturubai. Kati ya maduara na sisi kuna mashamba ya watu: mahindi, mihogo, pamba kidogo. Tangu wachimbaji waje, korongo limekuwa likipanda kutoka mtoni kuja juu, na kila vuli linameza kipande. Sasa limefika kwenye mwembe mkubwa. Mizizi ya upande mmoja inaning'inia, na ukisimama ndani unaona udongo kwa tabaka: juu mweusi mwembamba usiozidi kiganja, katikati luseni, yaani udongo wa kichanga, chini ule mwekundu ambao jembe halipiti.

Wazee wanalaumu machimbo. Wenye maduara wanasema eneo lao ni dogo, walaumiwe wakulima na wachoma mkaa. Mimi nasema ni machimbo, asilimia mia. Kabla hawajaja korongo halikuwepo. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kapuku
Nakaa hapa mbele kabisa nasubiri wataalamu. Kahawa nimejiletea mwenyewe.

#3 MzeeWaDuara
Mleta mada, mimi machimbo nimeyajua toka Mgusu mpaka Rwamgasa. Nikuulize: mvua ikinyesha kwenye duara, maji yanaenda wapi? Yanaingia duarani, na sisi ndio tunakesha na pampu. Shimo linameza maji. Sasa shimo linalomeza maji linakuchimbiaje korongo shambani?

Kila kitu ni sisi. Mto ukiwa mwekundu, wachimbaji. Samaki wakipungua, wachimbaji. Mke akikimbia, wachimbaji.

#4 Kapuku
Hiyo ya mke, mzee, ina ukweli kidogo.

#5 UdongoHai
Mzee wa #3, shikamoo. Shimo linameza, nakubali. Lakini hayo maji mnayoyavuta kwa pampu mnayamwaga wapi? Na kifusi kilichotoka shimoni kinakaa wapi? Kinakaa mdomoni mwa duara, mtelemkoni, kikiwa kitupu. Kifusi hakina udongo wa juu, hakina mboji wala mbegu, nyasi zinachukua miaka kukishika. Na mwamba wa dhahabu kwa sehemu nyingi za ukanda wa ziwa una madini ya salfa, yakikutana na hewa na maji yanatoa tindikali. Hapo hata magugu yanakataa.

Sasa mleta mada, kuhusu "asilimia mia" yako. Mmomonyoko watu wa udongo wanaupiga hesabu kwa kuzidisha mambo haya: ukali wa mvua, ulaini wa udongo, urefu na ukali wa mtelemko, kinachofunika ardhi, na namna mtu anavyoilima au kuikinga. Mvua huwezi kuibadilisha, mtelemko ni ule ule wa babu yako. Kinachobadilika haraka ni mfuniko. Ardhi tupu inapewa moja, msitu mnene unakaribia sifuri. Yaani kilima kile kile, mvua ile ile, udongo unaotoka unaweza kupishana mara mia na zaidi kwa sababu ya kilichoota juu yake tu.

Na hili halikupimwa Ulaya. Mpwapwa, miaka ya 1930, walitenga vipande vya ardhi kwenye mtelemko wa asilimia 6 hivi wakakinga kila kilichotiririka. Kipande cha kichaka kisichochungwa hakikutoa udongo wa kupimika. Cha nyasi vilevile. Kilicholimwa nafaka kilitoa karibu tani 78 kwa hekta kwa mwaka. Kilichoachwa kitupu karibu tani 146, na nusu ya mvua yote iliyokinyeshea iliondoka juu kwa juu. Kwenye nyasi ilitiririka kama asilimia 2 tu.

Ndiyo maana swali la "ni mchimbaji au mkulima" mimi naliona limekaa vibaya. Tone la mvua halimwulizi mtu kazi yake. Linaanguka kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa saa, likikuta jani linavunjika, likikuta udongo mtupu linaurusha.

#6 MzeeWaDuara
Marahaba. Maji ya pampu tunamwaga nje, tungeyanywa?

Kifusi cha maduara yetu ukikikusanya chote hakijazi uwanja wa mpira. Leseni ya mchimbaji mdogo mwisho wake hekta 10, na hapo unachimba kwenye kamstari kadogo ka mwamba. Shamba la mahindi la mtu mmoja tu hapo chini linatupita.

#7 AlikuwaMuuzaMatimba
Mzee Duara anaongelea mashimo, hasemi kilichoyashikilia hayo mashimo. Niseme mimi niliyekuwa napeleka.

Duara lisipowekwa matimba linamla mtu. Unashusha magogo pande zote nne, unapanga moja juu ya jingine kutoka mdomoni mpaka unapokutana na mwamba mgumu. Udongo ukiwa laini hakuna kuacha nafasi. Magogo yanatakiwa yanyooke, unene wa paja au mguu, na yasiwe ya mti unaooza haraka kwenye unyevu. Kwa hiyo hatukati ovyo, tunachagua. Tunaingia porini tunachukua mti mchanga ulionyooka, ule ambao baada ya miaka kumi ungekuwa ndio msitu. Mibovu na iliyopinda tunaiacha, akija mchoma mkaa anamalizia.

Na rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikilipuka mahali, hayo yanafanyika kwa wiki chache. Leo pori, mwezi ujao kuna mji, wanaouza chapati wanahitaji kuni, wenye vibanda wanahitaji nguzo. Dhahabu ikikata watu wanahama, pale panabaki weupe. Eneo la mashimo ni dogo kweli. Eneo lililoyahudumia mashimo ni kilima kizima.

#8 GuniaMbili
Nilijua tu mkaa utaingizwa. Mimi natoa mzigo wa mkaa unaokwenda Mwanza, natetea ugali wangu, ila msikilize.

Miombo ukiikata kwa mkaa inachipua. Kata mti, acha kisiki, usichome moto wala usilime, baada ya mvua mbili unakuta matawi yamesimama na chini nyasi zimeshona. Ardhi haijawahi kuwa tupu. Kinachoifanya iwe tupu ni anayekuja nyuma yangu: anang'oa visiki, anachoma, analima. Kisha analima matuta kufuata mtelemko kwa sababu ng'ombe wa jembe wanapenda kushuka moja kwa moja. Kila tuta linakuwa mfereji.

Pamba je? Pamba inataka shamba safi, palizi mara kadhaa. Mihogo inakaa miezi kabla majani hayajakutana. Na mvua kali kuliko zote ni zile za kwanza za vuli, Oktoba na Novemba, wakati mtu ametoka kukatua na hakuna hata jani. Hapo utamlaumu mchimbaji aliyelala?

#9 FundiRamani
Bandiko #7 na #8 yote yana ukweli, tatizo ni kila mtu anaangalia alipo yeye. Kazi yangu ni ramani za setilaiti, niongeze kidogo.

Picha za Landsat zipo toka 1972 na ni bure kwa mtu yeyote toka 2008. Geita unaweza kuangalia miombo ikigeuka mashamba muongo kwa muongo. Kwa eneo, mashamba yanashinda kwa mbali, hilo halina ubishi. Lakini kuna mitego miwili.

Wa kwanza, Landsat toka miaka ya 1980 kila nukta ni mita 30 kwa 30, za kabla ya hapo ni kubwa zaidi. Duara lina upana wa mita moja au mbili. Maduara kumi na kifusi chake yanaweza kuwa ndani ya nukta moja, na kompyuta ikakwambia hapo ni "vichaka". Setilaiti nyingine, Sentineli, toka 2015 inakupa mita 10, afadhali, bado haitoshi. Kwa hiyo machimbo madogo yanapungua kwenye ramani kuliko yalivyo ardhini.

Wa pili ni mwezi wa picha. Watu wanachukua picha za Julai mpaka Septemba kwa sababu mawingu hakuna. Mwezi huo shamba lililovunwa na kifusi vinang'aa sawasawa, vyote "ardhi tupu". Mwanafunzi anachora ramani anaandika machimbo yameongezeka maradufu, kumbe nusu ni mahindi yaliyovunwa. Nimeshaona ramani ya hivyo ikisifiwa kwenye mkutano na hakuna aliyenyoosha mkono.

Kwa hesabu ya kila hekta moja moja, kifusi kinatoa udongo mwingi kuliko shamba. Kwa jumla ya kilima, mashamba ndiyo mengi. Kwa hiyo kila upande una ramani ya kuutetea.

#10 Kapuku
Sasa FundiRamani umesaidia nini? Tumerudi pale pale ila kwa setilaiti.

#11 BintiKondoa
Mnabishana dhahabu, mje Kondoa muone. Kule kwetu hakuna mgodi wa maana na makorongo yake ng'ombe mzima anapotea. Serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote milima ya Irangi. Yote! Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Baba yangu mdogo alihamishia ng'ombe kwa shemeji zake na hakuwaona tena. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, mito ya mchanga ikaanza kutulia.

Kwa hiyo mleta mada, una ng'ombe wangapi hapo kijijini? Hujawataja.

#12 MwalimuMstaafu
HADO ilianza 1973. Mwaka 1979 ndio mifugo ilitolewa kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Miaka sita ya mwanzo walikuwa wanachimba makinga maji na kupanda miti huku ng'ombe wakipita juu yake.

Tena Kondoa si mifugo peke yake. Mmomonyoko wa pale una historia ndefu kuliko ng'ombe wa baba yako mdogo.

#13 BintiKondoa
Mwaka si hoja mwalimu, hoja ni ng'ombe.

#14 NgoshaKishapu
Binti Kondoa asituletee mambo ya kufukuza ng'ombe huku Usukumani, tutakosana.

Shinyanga walifanya tofauti. Mkoloni alikata pori kufukuza mbung'o, halafu ikaja pamba, halafu mifugo, mpaka mkoa ukawa unaitwa jangwa. HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ilipoanza 1986 hawakutoa ng'ombe. Walirudi kwenye ngitili, ambayo babu zetu walikuwa nayo: unafunga kipande cha malisho wakati wa mvua, unakifungulia kiangazi. Mwaka ule ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Hakuna aliyepanda miti mingi, ardhi iliachwa tu ipumue, visiki vikafanya kazi. Hapo namuunga mkono GuniaMbili, kisiki ni mali.

Ila kwa machimbo sijui kama ngitili inaweza. Nani ataacha dhahabu chini ili nyasi zikue juu?

#15 MamaMiche
Jamani suluhisho lipo. Mikaratusi! Inakua haraka, miaka mitano mpaka saba unapata matimba yako mwenyewe, huendi porini, kilima kimefunikwa. Wachimbaji wenyewe ni wateja. Nina miche ya kutosha, njooni inboksi.

#16 Kapuku
Nilijua tu kuna mtu atauza kitu.

#17 UdongoHai
Mama Miche biashara njema, ila nikupinge kidogo. Simama ndani ya shamba la mikaratusi lililofagiliwa kuni uangalie chini. Nyasi hakuna. Majani makavu yamekusanywa ya kuwashia moto. Tone linashikwa na jani juu kule, yanakusanyika matone mawili matatu, linaanguka likiwa kubwa kuliko lilivyotoka mawinguni, na kutoka mita 8 au 9 linafika chini likiwa limerudisha kasi karibu yote. Misaji (mitiki) ndiyo mibaya zaidi kwa majani yake mapana. Nimeona chini ya misaji udongo umeshuka, vijiwe vimebaki vimesimama juu ya vinguzo vya udongo, kila kijiwe na kinguzo chake kirefu kama kidole.

Kwenye picha ya FundiRamani hapo ni "msitu", kijani kibichi. Ardhini ni tupu. Kinachozuia ni kile kilicho chini ya goti: nyasi, majani yaliyooza, kunde, viazi vitamu.

#18 MamaMiche
Kwa hiyo nipande viazi kwenye matimba?

#19 AlikuwaMuuzaMatimba
Mama Miche yupo sahihi upande mmoja. Kila gogo la mkaratusi lililoshuka duarani ni mti mmoja wa porini uliobaki. UdongoHai anaangalia shamba la mikaratusi, haangalii pori lililookolewa huko mbali. Wala hakuna anayelazimishwa kufagia majani, hiyo ni tabia ya watu.

#20 ChuraWaAmani
Nimesoma yote, niwavuruge kidogo.

Mimi ni wa Muheza, Usambara Mashariki. Msitu wa Amani mnaujua, kijani mpaka macho yanauma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu ilionekana upande wa Sakale, watu wakamiminika toka kila kona. Hawakuchimba kilimani, walichimba ndani ya vijito vyenyewe. Wanageuza mchanga wa kijito, wanaosha, wanasogea mbele. Msitu juu umesimama, nyasi zipo, majani makavu yapo, kila alichosema UdongoHai kipo. Na bado maji yakawa tope, na vijito hivyo vinakwenda mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo maji ya jiji la Tanga.

Sasa mfuniko wa ardhi umesaidia nini hapo? Ukichimba mto wenyewe, hata kilima chote kiwe zulia, mto utachafuka. Mleta mada ametuambia korongo linapanda kutoka mtoni kuja juu. Kwa nini tunaangalia juu tu?

#21 UdongoHai
Chura umegusa penyewe. Korongo karibu siku zote linapanda kinyume na maji. Kama mto chini umeshuka kina, kwa kuchimbwa mchanga au kwa mialo ya kuoshea dhahabu, basi kila mfereji unaoingia pale unapata ngazi ya kuporomokea, na ngazi hiyo inarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kilimani. Hilo linaweza kutokea hata juu kukiwa na nyasi.

Mwanaluseni, hapo korongo linapoingia mtoni kuna mialo?

#22 JiraniMigori
Salamu kutoka Migori, Kenya, ng'ambo ya mpaka. Hapa kwetu kuna Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu wa enzi ya mkoloni uliofungwa miaka ya 1960. Marudio yake, yaani mchanga uliobaki baada ya kusaga mawe na kutoa madini, yalibaki wazi pale miaka mingi, mengi hayaoti kitu. Watu wa shaba waliondoka, mvua haikuondoka.

Nauliza tu: huko Tanzania mgodi mkubwa ukifungwa nani anafunika?

#23 MwalimuMstaafu
Migodi mikubwa kisheria lazima iwe na mpango wa kufunga na iweke dhamana ya fedha ya kurekebisha ardhi. Udongo wa juu unakwanguliwa kwanza, unawekwa pembeni, kifusi kinachongwa mtelemko wa kulala, kisha ule udongo unarudishwa na nyasi zinapandwa. Ukipita karibu na mgodi mkubwa wa Geita unaona vilima vya kifusi vyenye umbo la ngazi, na kijani kimeshika.

Mchimbaji mdogo naye anatakiwa awe na mpango wa utunzaji mazingira. Karatasi ipo, ukienda kwenye duara huikuti.

#24 NgoshaKishapu
Mwalimu asisifie sana wakubwa. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za kijiji cha Ng'wanholo. Ule si mmomonyoko wa tone la mvua. Wadogo wanakumomonyoa kijiko kwa kijiko, wakubwa siku wakikosea wanamwaga mara moja.

#25 MzeeWaDuara
Leo ndio mara ya kwanza naona mtu humu anasema wadogo nafuu. Ngosha, ukija Rwamgasa chai juu yangu.

#26 Mwanaluseni
Nashukuru wote. Jana nilizunguka na mdogo wangu kujibu maswali yenu.

Chura na UdongoHai: mialo ipo, lakini ipo mbele ya pale korongo linapoingilia, maji yakishuka. Mchanga unachotwa pale pale, malori ya tofali. Nilimuuliza kijana mmoja akasema wanachota toka zamani.

BintiKondoa: ng'ombe wapo, wanashuka kunywa kwa njia moja kila siku, na njia hiyo imezama kiunoni.

GuniaMbili: matuta yanafuata mtelemko, ndiyo. Ya kwetu pia.

Jambo ambalo hakuna aliyeuliza ni barabara. Mwenye karasha kule juu alichonga barabara ya Fuso kupandisha mawe, imenyooka toka juu mpaka chini, bila mtaro wala kalavati. Maji ya kilima chote yanakusanyika humo. Inapokata kona, maji hayakati kona, yananyooka kuingia shamba la jirani na kutoka hapo kuja kwetu. Kichwa cha korongo kinaelekea barabarani moja kwa moja.

Kwa hiyo bado nasema ni machimbo. Barabara ni ya machimbo.

#27 FundiRamani
Hiyo barabara na njia ya ng'ombe ndivyo vitu ambavyo ramani ya mfuniko haivioni kabisa. Upana mita nne. Lakini ndivyo vinavyounganisha kila kilichomomonyoka na mto. Unaweza kuwa na kifusi kingi kimezungukwa na nyasi, tope lisifike popote. Weka njia moja, linafika ziwani.

#28 GuniaMbili
Barabara hiyo hiyo wakulima wanapitishia mahindi, msijifanye. Na mimi mkaa.

#29 MzeeWaDuara
Barabara bila mtaro ni kosa la mchonga barabara. Hata ingekuwa ya shule ingechimba korongo. Hapo mchimbaji ameingiaje?

#30 AlikuwaMuuzaMatimba
Ingekuwa ya shule isingepanda kilima moja kwa moja na Fuso lililojaa mawe, mzee wangu. Na maji yasingekuwa mengi hivyo kama miti niliyokata ingekuwepo. Mimi barabara naiona mfereji tu, maji yametoka kwenye weupe wa kule juu.

#31 MwanaSheriaMtaa
Kuhusu mialo na mchanga: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Andikeni barua kwa serikali ya kijiji, nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri na NEMC (baraza la taifa la mazingira) kanda. Pigeni picha zenye tarehe.

#32 Kapuku
Mwenyekiti wa kijiji akiwa ndiye mwenye malori ya mchanga barua inaenda kwa nani? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#33 Mwanaluseni
Kapuku wewe unakaa kijijini kwetu?

#34 UdongoHai
Kabla ya barua, okoa mwembe. Usianze kwa kutupa takataka ndani ya korongo, kila mtu anafanya hivyo na maji yanazunguka pembeni yanapanua. Anza juu ya kichwa: chimba kinga maji inayokata mtelemko, iyatoe maji pembeni kwenye nyasi, si kwa jirani. Kisha ndani weka vizuizi vifupi vifupi, matawi yaliyofungwa kwenye vigingi au viroba vya mchanga, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite kati. Nyuma yake panda matete au nyasi za vetiva. Mkonge nao unashika vizuri kwenye kingo kavu.

Matuta myageuze yakate mtelemko. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Na chomeka vigingi kwenye kichwa cha korongo, upime linasogea kiasi gani kila mvua kubwa. Baada ya msimu mmoja ukiwa umekinga maji ya barabara na korongo bado linapanda, basi Chura ana haki, tatizo lipo mtoni.

#35 ChuraWaAmani
Litapanda. Mchanga wakiendelea kuchota litapanda tu.

#36 NgoshaKishapu
Matuta ya kukata mtelemko kwa jembe la ng'ombe, mwongoza ng'ombe awe na subira. Kona zinawachosha. Ila inawezekana, shangazi yangu analima hivyo.

#37 BintiKondoa
Na ng'ombe waacheni wapite njia mbili tofauti basi, kama hamtaki kuwafukuza.

#38 MzeeWaDuara
Mwanaluseni, niambie huyo mwenye karasha yupo upande gani wa kilima, naweza kuwa namfahamu. Kalavati moja na siku mbili za greda si hela ya kumshinda mtu anayesaga mawe. Nitaongea naye kichimbaji. Akikataa nitakuja kusema hapa, ila msiniambie tena habari za kifusi.

#39 MamaMiche
Vetiva pia ninayo. Inauzwa kwa shina, bei tunaelewana.